Mradi wa mwaka wa nne: nifuatilie sarafu za kidijitali au nibane video?

Njiwa wa Wendani

Hamjambo wadau. Niko mwaka wa nne, sayansi ya kompyuta, hapa Nairobi. Idara inataka pendekezo la mradi na mimi nina mada mbili, zote nazipenda, ndiyo maana nimekwama.

Ya kwanza: je, anayetumia sarafu za kidijitali hajulikani kweli? Kaka yangu hununua na kuuza USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) na watu asiowafahamu, malipo yanapitia M-Pesa, na kila siku ananiambia eti "hii kitu haina jina." Nikiangalia simu yake naona jina la aliyetuma pesa, tena kwa herufi kubwa, ndani ya ujumbe. Wazo lilianzia hapo.

Ya pili: kubana video. Nakaa bedsita Kahawa Wendani, intaneti yangu ni bando, na kinachomaliza bando ni video za masomo. Nataka kulinganisha kodeki tatu, yaani mbinu za kubana video, H.264, H.265 na AV1, nione ni ipi inayompa mwenye bando dogo picha inayosomeka.

Laptopu yangu ina RAM ya gigabaiti 8 na diski ya 256, kadi ya picha ya maana haina. Wifi ya kampasi ipo, ila jioni inajaa. Msimamizi wangu ni mtu mzuri lakini wanafunzi wake ni wengi, sitegemei anishike mkono. Siulizi ipi ina soko. Nauliza ipi inaweza kukamilika kwa vifaa hivi, na nikisimama mbele ya jopo nikaulizwa "umejuaje kama jibu lako ni sahihi?" niwe na la kusema.

Boss wa Bloku

Chukua kripto, usizunguke. Sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali ilitiwa saini Oktoba 2025, Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndio wasimamizi, na kampuni zitatafuta vijana wanaojua haya mambo. Video walishamaliza wenyewe huko nje, utaongeza nini? Halafu kaka yako yuko sawa. Kwenye Bitcoin hakuna jina popote.

Mhasibu wa Baiti

Boss, jina halipo, hilo kweli. Lakini wazia daftari la chama limebandikwa ukutani pale barabarani, kila mwanachama kaandikwa kwa jina la utani, na hakuna ukurasa unaochanwa. Mtu akishajua "Simba wa Ngara" ni nani, anarudi nyuma na kusoma kila shilingi Simba aliyowahi kutoa. Kurasa za Bitcoin zinaanzia tarehe 3 Januari 2009 na bado zote zipo.

Njiwa, nitakueleza jinsi ufuatiliaji unavyofanyika ndipo uamue. Ukilipa kwa kukusanya sarafu kutoka anwani tatu (anwani ndiyo lile jina la utani), muamala huo unahitaji saini ya kila anwani. Anayetazama anakisia kwamba zote tatu ni za pochi moja. Hili halikugunduliwa na polisi. Satoshi Nakamoto mwenyewe alilitaja kwenye andiko lake la 2008. Dalili ya pili ni chenji. Ukiwa na sarafu kubwa na unanunua kitu kidogo, salio linarudi kwako kwenye anwani mpya. Ukiweza kutambua anwani ipi ni ya chenji, unaendelea kumfuata mtu huyo huyo hatua kwa hatua.

Mwaka 2013 Sarah Meiklejohn na wenzake walitumia dalili hizo mbili kuzikusanya anwani katika mafungu. Lakini angalia walijuaje fungu lipi ni la nani. Walinunua vitu wenyewe! Walifanya miamala zaidi ya 300 na maduka, michezo ya kamari na masoko ya kubadilishia sarafu, wakaona pesa zao zimeangukia fungu gani. Kwa hiyo mtu akiwauliza "mmejuaje?", jibu lilikuwa kwamba walilipa kwa mkono wao.

Sasa wewe. Blokcheni nzima ya Bitcoin, yaani lile daftari lenyewe, imepita gigabaiti 500, kwa diski yako haiingii. Ada za miamala mia tatu utatoa wapi, mkopo wa HELB? Wanafunzi wengi wanakimbilia data ya Elliptic, kampuni ya kuchunguza miamala ya kripto, iliyotolewa 2019: miamala 203,769, kati yake 4,545 ikiwa na alama ya uhalifu, 42,019 ikiwa na alama ya uhalali, na iliyobaki haijulikani. Ni data nzuri na RAM yako inaiweza. Tatizo ni kwamba kila muamala una safu 166 za namba ambazo majina yake yamefichwa, na alama ziliwekwa na kampuni. Modeli yako itakuambia safu fulani ndiyo inayofichua mwizi. Jopo litakuuliza safu hiyo inapima nini. Utanyamaza, na si kosa lako.

Monero, sarafu iliyoundwa ili kumficha anayelipa, ni tamu zaidi kuisoma. Ilianza 2014. Kila anayelipa anajificha ndani ya duara la sarafu za watu wengine, na tangu Agosti 2022 kila duara lina 16. Zamani watumiaji waliruhusiwa kutojificha kabisa, na hao waliwafichua waliojificha pamoja nao, maana sarafu inayojulikana kuwa imeshatumika haifai tena kuwa pazia la mwenzake. Utafiti uliotoka 2018 ulionyesha pia kwamba katika miamala ya miaka ile ya mwanzo, ukibahatisha tu kwamba sarafu mpya kuliko zote ndiyo halisi, ulipatia kama mara 80 kwa 100. Hadithi nzuri sana, ila mianya hiyo ilishazibwa kwa sehemu kubwa. Ukirudia leo utakuwa unaandika historia.

Kuhusu simu ya kaka yako: umeona vizuri kumliko. Kwa Nairobi, siri ya kripto haifi kwenye blokcheni, inafia kwenye ujumbe wa M-Pesa, kwenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho. Ila usiziguse hizo meseji. Kaka anaweza kukupa idhini yake, lakini wale waliomtumia pesa hawajakupa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu wao pia. Ndiyo nasema swali ni zuri na data huruhusiwi kuwa nayo.

Fundi wa Fremu

Nimesoma hapo juu "video walishamaliza" nikacheka. Kazi yangu ni kubana video za masomo, ofisi ndogo kando ya Ngong Road, na kila wiki kuna mwalimu anayelalamika kwamba maandishi yake mekundu yameoza. Bado hatujamaliza, boss.

Njiwa mdogo wangu, anza na ukubwa wa tatizo. Picha ya 1920 kwa 1080, fremu 30 kwa sekunde, rangi ikiwa imeshapunguzwa kama inavyofanywa kawaida, ni karibu megabaiti 93 kila sekunde kabla ya kubanwa. Saa moja ya somo ni gigabaiti 336. Diski yako nzima haiwezi kubeba kipindi kimoja kikiwa kibichi. Kodeki inakipeleka hadi megabaiti mia chache, na inafanya hivyo kwa kutotuma kile kilichokwishaonekana: fremu moja inatumwa nzima, zinazofuata zinasema tu nini kimesogea na kimesogea kwenda wapi, na masalio yanapitishwa kwenye hesabu ya DCT, ambayo Nasir Ahmed na wenzake waliitoa 1974. Kinachotupwa ni kile ambacho jicho halikikosi. Kwa kawaida.

Hayo maandishi mekundu: jicho letu linaona mwanga vizuri kuliko rangi, kwa hiyo video nyingi huhifadhi rangi kwa robo tu ya vipimo. Herufi nyembamba nyekundu juu ya ubao mweusi inategemea rangi zaidi kuliko mwanga, kwa hiyo inavurugika kingo. Hakuna kodeki itakayoirudisha, maana ilipotea kabla kodeki haijaanza. Mwambie mwalimu aandike kwa nyeupe au njano. Nimelisema hili mara nyingi mpaka nimechoka.

Kuhusu kulinganisha kodeki tatu, nitakuwa mkweli: H.264 ni ya 2003, H.265 ya 2013, AV1 ya 2018, na ulinganisho huo umefanywa na kila mtu. Ukiufanya, usianguke kwenye shimo la CRF. Namba hiyo ya ubora si kipimo kimoja kwa wote. Chaguo-msingi la x264 (programu ya H.264) ni 23, la x265 (ya H.265) ni 28, na kwa AV1 mizani inafika 63. Mtu akikuonyesha jedwali "zote kwa CRF 28, mshindi ni huyu," funga hilo andiko. Tengeneza video kwa viwango kadhaa, chora mstari wa biti dhidi ya ubora, kisha pima umbali kati ya mistari kwa njia ya Bjøntegaard ya 2001.

Na AV1 kwenye laptopu yako itachemsha chai. Tumia programu ya SVT-AV1 kwa mipangilio ya haraka. Hata hivyo kumbuka upande wa pili: simu nyingi za bei nafuu za pale mtaa wa Luthuli hazina sakiti ya kufungua AV1, zinafungua kwa nguvu ya prosesa. Umeokoa bando, umekula betri. Hilo peke yake lingeweza kuwa sura nzima, kama unaweza kuazima simu za kutosha.

Kwa upande wa jopo, hapa uko salama kuliko kwenye kripto. Fremu ya asili unayo, iliyobanwa unayo, unazilinganisha. Vipimo vya ubora wa picha vipo: PSNR, SSIM, VMAF, chagua. Vipimo hivi navyo vina upofu wao (PSNR itakusifia picha iliyolainishwa mpaka maandishi hayasomeki), lakini angalau una cha kupima.

Njiwa wa Wendani

Asanteni sana, mmenipa mengi kuliko nilivyotarajia. Mhasibu, nimeelewa kwa nini ile ya kaka haiwezekani, nitamwacha na biashara yake. Fundi, nimeelewa pia kwamba yangu ya video itakuwa marudio.

Sasa niulize kitu ambacho labda ni cha kijinga. Hakuna mahali mada hizi mbili zinakutana? Moja inahusu kuficha, nyingine inahusu kupunguza. Nahisi kuna kitu ila sikioni.

Boss wa Bloku

Zinakutana ukilipia Netflix kwa kripto 😂

Mhasibu wa Baiti

Si ya kijinga hata kidogo. Zinakutana, na pale zinapokutana ndipo mradi wako ulipo.

Fundi amesema kodeki inatuma tu kilichobadilika. Basi sehemu yenye watu wanaokimbia inakula biti nyingi, sehemu ya mtu aliyekaa akiongea inakula chache. Video ya mtandaoni hukatwa vipande vya sekunde chache. Kicheza-video kinavuta kipande, kinapumzika, kinavuta kingine. Ukubwa wa vipande hivyo, mmoja baada ya mwingine, ni mchoro wa kupanda na kushuka ambao ni wa video hiyo tu. HTTPS, usimbaji wa tovuti, inaficha yaliyomo, haifichi ukubwa. Anayekaa kwenye ruta ya jengo lenu, hata bila kufungua chochote, anaweza kujua unatazama nini.

Hili lilionyeshwa 2017 na Roei Schuster, Vitaly Shmatikov na Eran Tromer, kwa YouTube, Netflix, Amazon na Vimeo. Sasa shika hapa: Tromer huyo huyo ni mmoja wa walioandika Zerocash, mfumo wa malipo ya siri, mwaka 2014, msingi wa sarafu ya Zcash iliyoanza 2016. Mtu wa kuficha sarafu alikaa akatazama video zilizobanwa akaona zinavujisha siri. Kabla yao, 2008, watafiti wengine walishaonyesha kwamba hata simu za intaneti zilizosimbwa zinaweza kufichua maneno, kwa sababu sauti nayo ilibanwa kwa kiwango kinachopanda na kushuka.

Kwa nini nasema inakufaa? Kwa sababu unayepelelezwa ni wewe. Unajua ulitazama nini saa ngapi. Kile ambacho Meiklejohn alikilipia, wewe unacho bure. Hakuna mtu wa kuombwa idhini, hakuna meseji ya M-Pesa, hakuna gigabaiti 500.

Halafu weka swali la Nairobi juu yake, maana kurudia tu kazi ya 2017 hakutoshi. Dawa ya uvujaji huu ni kujaza: kila kipande kiongezewe baiti tupu mpaka vyote vilingane. Tuseme wastani wa kipande ni kilobaiti 500 na kikubwa kuliko vyote ni 1,200. Ukivilinganisha vyote, mtazamaji anavuta mara 2.4 ya data. Mwenye faiba nyumbani hatagundua. Wewe wa bando utagundua, maana litaisha Jumatano badala ya Jumamosi. Basi uliza: ni kujaza kiasi gani kunatosha kumchanganya mpelelezi, na mtu wa bando atakubali kulipia kiasi gani cha hicho?

Waliotengeneza Monero walipigana na bei hiyo hiyo. Uthibitisho wa kuficha kiasi cha pesa ulifanya muamala mmoja wa kawaida ufike karibu kilobaiti 13. Oktoba 2018 wakaleta Bulletproofs, uthibitisho mfupi zaidi, muamala ukashuka kwa takriban asilimia 80, na bado ni mzito mara nyingi kuliko wa Bitcoin. Hiyo iweke kwenye utangulizi, aya moja, upate kumridhisha kaka na Boss.

Fundi wa Fremu

Mhasibu umeniharibia jioni, sasa nataka kuufanya mimi.

Njiwa, usianze na YouTube. Itakula bando lako na hutajua inabadilisha nini nyuma ya pazia. Anzisha seva ndogo kwenye hiyo laptopu, programu ya nginx na cheti cha HTTPS cha kujitengenezea vinatosha. Washa hotspoti ya laptopu, simu yako iunganishwe hapo, simu itazame, Wireshark (programu ya kunasa trafiki ya mtandao) irekodi. Intaneti haihitajiki. Unaweza kufanya kazi usiku mzima ilimradi stima isipotee.

Video chukua zile za majaribio zenye leseni huru, Xiph.org wanazo nyingi, lakini nyingine ni fupi mno, nyingine ni 352 kwa 288 za enzi za zamani. Ongeza zako: ubao na sauti ya mwalimu, slaidi, mtaa wa Tom Mboya jioni ukirekodiwa kutoka juu ya ghorofa ili nyuso zisitambulike. Ule mtaa ni mtihani mkali kwa kodeki yoyote, kila kitu kinasogea upande wake na taa za matatu zinapepesa. Somo la slaidi ni kinyume chake, karibu kimya, halafu slaidi ikigeuka biti zinaruka. Nakisia, na hapa ni kukisia, kwamba masomo ya slaidi ndiyo yatakayokuwa rahisi zaidi kutambulika, kwa sababu mpigo wa kugeuza slaidi ni wa mwalimu huyo siku hiyo tu. Ukikuta kinyume pia ni matokeo.

Kata vipande vya sekunde nne. Hakikisha kila kipande kinaanza na fremu nzima: kwa fremu 25 kwa sekunde, weka fremu nzima kila baada ya 100 na uzime ile tabia ya kodeki kuweka nyingine yenyewe pale onyesho linapobadilika. Video ya dakika tano itakupa vipande 75. Kila video ibane kwa njia tatu: CRF ya kawaida, CRF yenye kikomo cha juu, na biti za kudumu kabisa, ile ambayo x264 inajaza data tupu ukiweka mpangilio wake wa nal-hrd uwe cbr. Angalia hiyo ya tatu vizuri. Watu wengi wakiweka kiwango cha biti wanadhani kimekuwa cha kudumu, kumbe ni wastani tu na mchoro bado unaonekana.

Mpelelezi wako, yaani programu itakayokisia video kwa ukubwa wa vipande, asiwe mtandao mkubwa wa neva, laptopu itakulilia. Kulinganisha na jirani wa karibu, yaani kutafuta mchoro unaofanana zaidi, kunatosha kuanzia. Ila mpe pia video ambazo hajawahi kuziona, aweze kusema "hii siijui." Mpelelezi anayechagua tu kati ya video alizofundishwa anaonekana hodari kuliko alivyo, na jopo lenye mtu mmoja makini litakubana hapo.

Pima ubora wa kila njia kwa VMAF, maana biti za kudumu zitaharibu picha ya mtaa na kupoteza biti kwenye slaidi. Hivyo utakuwa na bei mbili za siri: megabaiti na macho.

Boss wa Bloku

Sawa, nimekubali shingo upande. Lakini asipate kazi ya benki tusilaumiane.

Njiwa wa Wendani

Nimeshaandika kichwa cha pendekezo na kukifuta, ila mada ni hii. Msimamizi nitamwona Jumanne. Swali la mwisho: nikitaka wenzangu wachache hapa Wendani wakubali tutazame trafiki ya simu zao, hata kwa dakika chache, nahitaji vibali gani? Au niachane na hilo?

Mhasibu wa Baiti

Achana nalo kwa sasa. Ukiingiza watu, unahitaji kamati ya maadili ya chuo, na utafiti nchini unaenda na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwa hiyo muulize msimamizi idara inalichukuliaje kwa miradi ya shahada ya kwanza kabla hujamgusa mtu yeyote. Muhula wako utaishia kwenye foleni ya barua. Simu yako na seva yako zinatosha kwa sura ya matokeo. Wenzako wanaweza kujibu jambo moja tu ambalo pia utaliombea idhini, lakini halihitaji kuangalia simu zao: bando la wiki likipungua kwa theluthi ili mwenye ruta asijue unatazama nini, utakubali?

Fundi wa Fremu

Theluthi ni nyingi. Mimi ningekataa. Anza na asilimia kumi uone mpelelezi anayumba kiasi gani, halafu panda. Na hifadhi amri zako zote za FFmpeg (programu utakayobania video) kwenye faili moja kuanzia siku ya kwanza, pamoja na toleo la programu, kwa sababu ukisasisha katikati ya muhula ukubwa wa vipande utabadilika na utatafuta sababu mpaka asubuhi.